Mbwa wangu alipata degedege, sasa anaburuta mguu: nimuuguze vipi?

Mfugaji wa Muheza

Salaam kwenu nyote. Nina mbwa dume wa kienyeji, umri wake ni kama miaka 9, tuliyemlea tangu alipoachishwa ziwa na ambaye ndiye mlinzi wa banda letu la mbuzi. Juzi alfajiri alianguka ghafla, akakakamaa, akawa anapiga miguu kama anayekimbia ilhali amelala ubavu, akatokwa na povu na mkojo bila kujitambua. Hali hiyo haikufika dakika tatu. Alipoinuka hakutufahamu: alizungukazunguka uani, akajigonga ukutani, akanywa maji kwa pupa, kisha akalala usingizi mzito hadi jioni.

Leo anakula na anaitika jina lake, lakini kila akitembea anapindia kushoto, na mguu wa nyuma wa kulia unaburuta hata kucha zimeanza kusagika. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba anakula chakula kilichoko upande wa kushoto wa sahani na kukiacha cha upande wa kulia, kana kwamba hakipo.

Majirani wanasema ni kiharusi. Mzee mmoja ameshauri anyweshwe maziwa na kunusishwa kitunguu. Mwingine amesema mbwa wa namna hii hauguzwi. Alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka jana na cheti chake ninacho. Naomba kujua huu ni ugonjwa gani, na nimtunze vipi nyumbani, kwa kuwa hatuko tayari kumpoteza.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu, na nakushukuru kwa maelezo yako, hasa hilo la sahani, kwa sababu ndilo linalonisaidia kuliko yote.

Nianze na usalama wenu. Mbwa yeyote mwenye dalili za ubongo huku kwetu ni lazima afikiriwe kichaa cha mbwa, hata kama amechanjwa. Mtengeni na watoto kwa siku 10, msiguse mate yake kwa mikono mitupu, na ikiwa kuna aliyeng'atwa au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kinachonipa matumaini ni kwamba mbwa mwenye kichaa huzidi kudhoofika hadi anakufa ndani ya siku chache, ilhali wako anapata nafuu.

Sasa nije kwenye swali lako. Degedege ni dalili, na chanzo chake huwa ni kingine. Kifafa cha kurithi kwa kawaida hujitokeza mara ya kwanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6, kwa hiyo degedege la kwanza katika miaka 9 linatulazimu kutafuta sababu nyingine. Sumu, kwa mfano dawa za kuogeshea mifugo au ivamektini (dawa ya minyoo na wadudu) ya mbuzi iliyozidi kipimo, huweza kuleta degedege na kupepesuka, lakini sumu huathiri mwili pande zote mbili. Wako amedhurika upande mmoja: anazungukia kushoto, mguu wa kulia ni dhaifu, na hatambui vitu vilivyoko kuliani. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayosimamia upande wa kulia wa mwili, hivyo dalili zote hizi zinaelekeza mahali pamoja, na kiharusi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuwa yametokea hapo. Uvimbe wa ubongo nao huweza kufanana hivyo.

Kuthibitisha kunahitaji picha ya ubongo ya MRI, ambayo kwa mbwa wengi wa hapa nchini haipatikani kwa urahisi. Hata hivyo mwenendo wa ugonjwa wenyewe hutueleza mengi: kiharusi huja kwa ghafla, hufika kilele ndani ya siku moja hadi tatu, kisha mgonjwa huanza kurudi polepole kwa wiki kadhaa, ilhali uvimbe huzidi siku hadi siku. Mwombe daktari aliye karibu nawe achukue damu aangalie figo, ini, sukari na magonjwa yaletwayo na kupe, hasa erlikia, inayoweza kusababisha damu kuvuja hata kwenye ubongo. Figo mbovu nazo hupandisha shinikizo la damu, na hapo kiharusi cha pili huwa hakiko mbali. Ukiweza kumsafirisha, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro hupokea mbwa.

Maziwa na kitunguu, hapana. Mbwa ambaye hajajitambua vizuri hamezi sawasawa, na maziwa huishia mapafuni. Kitunguu nacho huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ya binadamu.

Mama Lushoto

Pole, kaka. Nilimuuguza mbwa wangu aliyepooza miguu ya nyuma, na ninachoweza kukuambia ni kwamba kazi kubwa iko kwenye malazi. Mtandikie magunia kadhaa na juu yake kitambaa kikavu, mahali pasipo na ngazi, shimo wala pipa la maji. Akiwa bado analala sana, mgeuze ubavu kila baada ya saa tatu au nne, na kila unapomgeuza kagua viwiko na nyonga, kwa kuwa hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia: kwanza manyoya hunyonyoka, kisha ngozi huwa nyekundu. Akijikojolea, mwoshe na umkaushe papo hapo.

Kwa kumtembeza, kunja kanga kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, kisha shika ncha zote mbili juu ya mgongo na umbebee uzito kidogo tu ili miguu ifanye kazi yake yenyewe. Mguu unaoburuta uvalishe soksi nene ardhini, lakini umvue kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa, maana atateleza. Mlishe akiwa ameketi au amelalia kifua, kichwa kikiwa juu, na chakula kiwe laini: ugali mlaini wenye mchuzi wa dagaa usio na chumvi nyingi unafaa. Akishakula nusu ya kushoto, izungushe sahani, naye atamaliza.

Mlezi wa mbwa, Kiambu

Wangu ana kifafa na hutumia fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, kila baada ya saa 12. Ukiandikiwa dawa hiyo, usiogope wiki mbili za kwanza: atalewalewa, atakuwa na njaa na kiu isiyo ya kawaida, na atakojoa mara nyingi. Kiwango cha dawa katika damu hutulia baada ya muda huo, ndipo daktari hupima, na baadaye ini hukaguliwa kila miezi sita. Lililo zito kuliko yote ni kwamba haikatizwi ghafla hata kama mbwa anaonekana amepona, kwa sababu kuikatiza huko kwenyewe huweza kuleta degedege kali kuliko la mwanzo. Nunua nyingine kabla ya chupa kuisha.

Mfugaji wa Muheza

Asanteni sana. Daktari, je, dawa hiyo aianze sasa? Na degedege likirudi usiku nifanye nini?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Degedege moja pekee si lazima litibiwe kwa dawa ya kudumu, ingawa panapokuwa na dalili za ubongo kuathirika upande mmoja, kama kwa wako, wengi wetu huanza mapema. Uamuzi huo ni wa atakayempima.

Likirudi, tazama saa kwanza. Ondoa vitu vya kumgonga, zima redio, punguza mwanga, na usitie mkono wala kijiko mdomoni, kwa maana mbwa hamezi ulimi wake. Mtu mmoja arekodi kwa simu. Likipita dakika 5, au yakija mawili ndani ya saa 24, hiyo ni dharura, mpeleke usiku huohuo. Njiani mlowanishe tumbo na makanyagio kwa maji ya kawaida, si barafu, kwa sababu misuli inayotetemeka kwa muda mrefu hupandisha joto la mwili hadi kiwango cha hatari. Ukienda kliniki wiki hii, chukua cheti cha chanjo, video kama ipo, na kopo la kila dawa unayotumia kwa mbuzi, na umwombe daktari akupe dayazepamu, dawa ya kukatiza degedege, ya kutia njia ya haja kubwa pamoja na kipimo kinacholingana na uzito wake, ukae nayo nyumbani.