Naomba ushauri: kombe linapotea kwenye treni ya Kisumu

Hamjambo wapenzi wa hadithi za watoto. Nina mswada wa upelelezi kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 11, sura 10. Kombe la kwaya linaibwa usiku treni ikitoka Nakuru kwenda Kisumu.

Shida ya kwanza ni stesheni. Behewa huwafungia washukiwa pamoja, lakini treni ikisimama Londiani au Muhoroni, mtoto mwerevu atauliza mbona mwizi hakushuka. Nimehamisha wizi hadi baada ya Muhoroni. Je, muda uliobaki unatosha washukiwa 4 kuhojiwa, au nipunguze mmoja?

Shida kubwa zaidi ni dokezo. Abiria mmoja anaapa alilala tangu Molo, kwenye baridi ya viazi na njegere, ila chini ya kiti chake kuna maganda ya miwa, bado yananata utomvu mtamu. Mtoto wa Chemelil au Miwani, kwenye mashamba ya miwa karibu na Kisumu, atamnasa papo hapo: miwa haitoki kwenye baridi ya Molo, kwa hiyo aliamka njiani! Niyachanganye na maganda ya njugu na tikiti iliyokunjwa, au niyasogeze kutoka sura ya 4 hadi ya 7? Kuyaficha kabisa sitaki, maana msomaji atahisi amedanganywa.