Mungu anajua yote, mimi nawaombea wengine ya nini?

Muulizaji: Shalom wapendwa. Nina daftari la majina ya ninaowaombea, yamefika 23. Jana nilisinzia kwenye jina la saba, nikajiuliza: Mungu si anawajua hawa kuliko mimi? Naongeza nini?

Mama Mjane: Mwanangu, soma Marko 2. Aliyepooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari wamshushe mbele ya Yesu. Yesu aliiona imani *yao*. Nilipofiwa na mume wangu sikuweza kuomba miezi miwili, hata kusema "Baba" ilinishinda. Dada mmoja wa kanisani alikuja kila Jumatano, akaomba, mimi nikilia tu. Sikuitikia hata amina.

Mzee wa Zamu: Na Ayubu 42:10! Alirejeshewa alivyopoteza alipowaombea rafiki zake, wale wale waliomlaumu. Mimi nilimwombea bosi wangu shingo upande. Hajabadilika (kelele zile zile), ila sasa salamu yake naitikia.

Muulizaji: Hilo la bosi limenichoma. Kuna jina naliruka makusudi. Hata Musa mikono ilichoka alipoiinua wakati wa vita (Kutoka 17), akategemezwa na Haruni na Huri; basi nitaomba majina matano kila usiku, nikianza na hilo.