Tupeane uzoefu: ulivyouliza swali la utafiti, ukapotea

Mwana-Kampemba: Wenzangu wa Lubumbashi, naanza mimi. Mwaka wa TFC, ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo chuoni, niliingia maktabani nikasema: "Mama, natafuta vitabu vya migodi." Mama mkutubi akaninyooshea kidole ukuta mzima. "Vile pale." Asubuhi yote ikaishia hapo. Kumbe nilichotaka ni mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, Desemba 1941, basi! Niliogopa swali dogo litaonekana la kijinga. Wewe je?

Mama wa Katuba: Miye nakaa upande wa pili wa meza hiyo. Kijana mmoja alikuja amenuna: eti hatuna kitu juu ya Lubumbashi ya miaka ya 1940. Nikamwuliza, umetafuta kwa jina gani? "Lubumbashi." Mwanangu, mji huu uliitwa Élisabethville mpaka 1966! Nikavuta droo ya herufi E, kadi zimelika kona, nyingine zimepigwa taipu wino umefifia. Akanyamaza. Na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ni hivyohivyo: ilitaifishwa 1967, ya nyuma yake yatafute kwa Union Minière. Ndiyo maana mtu akija namwomba kwanza anitajie maneno aliyotafutia na mahali alipokwisha kupita. Mara nyingi kosa linajionyesha hapohapo, hata sijainuka kitini.

Wa Bukavu: Huku kwetu andika Costermansville, jina la zamani la Bukavu. Niliteseka miezi miwili.

Asiyejulikana: Yangu ni aibu. Niliwapa wakutubi watatu swali moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Wa kwanza alinipatia jibu siku ya pili, nikafurahi, nikawasahau wawili. Wakaja kukutana msibani, wakaanza kusimuliana juu ya "mwanafunzi mmoja" wanayemhangaikia. Mmoja alikuwa amekwisha kupekua mafaili wiki nzima, vumbi mpaka puani. Nilipeleka soda. Alipokea, lakini tangu siku ile ananiita "Bwana Watatu".

Mwana-Kampemba: 😂 Bwana Watatu!

Papa Kamalondo: Tuseme na upande wenu, wakutubi. Nilifika na swali safi, mwaka, jina la zamani, vyote. Nikajibiwa "rudi kesho" bila kuinuliwa macho.

Mama wa Katuba: Papa, ilikuwa saa ngapi?

Papa Kamalondo: Saa saba hivi.

Mama wa Katuba: Aa. Saa ya bukari, ugali wetu.