Gari la Japani lenye kasoro iliyotangazwa: nani amwambie mnunuzi?

Mtoa hoja, Nakuru

Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, kinakataza kuingiza nchini gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu tumeshaamini kwamba gari lisilo kuukuu ni gari salama. Sikubaliani. Umri hauonyeshi kama kiwanda kiliwahi kuliita gari hilo ili lirekebishwe bure, wala kama mmiliki wa kwanza aliitikia. Mwaka 2020 Toyota ilianza kuyaita magari yenye pampu ya mafuta ya Denso, ambayo kipande chake cha plastiki huweza kuvimba, injini ikazimika gari likiwa mwendoni. Anayepanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit huku lori likimfuata anaelewa uzito wa jambo hilo. Kwa maoni yangu, wanaokagua magari huko Japani walinganishe namba ya chesisi na orodha za viwanda, na gari ambalo halijarekebishwa lisipakiwe melini.

Fundi, Kisumu

Ndugu, ukaguzi wa Japani hautalifikia gari ambalo tayari liko Kondele. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile ya kumkinga mtu ajalini, iliyofanya mamilioni ya magari yaitwe duniani kote, hutumia amonium naitreti, kemikali inayoharibika ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, hata mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali yetu hapa kando ya ziwa. Tena, ingawa wenzangu hawatapenda niseme, zipo gereji ambazo taa ya onyo ya mfuko wa hewa ikiwaka huizima tu, mteja akaondoka akiamini ametengenezewa. Hata hivyo, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye gari, kwa kuwa namba ya chesisi anayo na kuitafuta kwenye orodha za viwanda hakulipiwi.

Mtoa hoja, Nakuru

Aitafute wapi, fundi? Namba ya gari lililotengenezewa soko la Japani, kama zile zinazoanza na NZE161, haifikii herufi na tarakimu 17 zinazotakiwa na tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafutia magari yaliyoitwa, basi mtu huiingiza, asione kitu, akadhani gari lake halina dosari. Toyota na Honda za Japani zina kurasa zinazoipokea, lakini ni za Kijapani. Kuhusu magari yaliyokwisha kuingia nakubaliana nawe, na ndiyo maana naitaja NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na uchukuzi ya Kenya: inayasajili, kwa hiyo namba zake inazo, na inaweza kuwaarifu wenyewe.

Fundi, Kisumu

La NTSA nalipokea. La kuzuia gari lisipakiwe bado nalipinga, kwa sababu wauzaji watapandisha bei ya magari yote, hata yale yasiyo na kasoro. Mwenye yadi alazimishwe kuandika kwenye hati ya mauzo kwamba gari lina marekebisho ambayo hayajafanywa, kisha mnunuzi aamue mwenyewe.