Guangzhou hapa China una hela mkononi na bado unatembea kwa mguu, huu ni upuuzi!

Wakuu naandika nimevimba miguu so mnivumilie. Mods uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za mizigo.

Jana natoka Sanyuanli na sampuli zangu za pochi, naenda Xiaobei nilipofikia. Kwa metro (treni ya mjini) ni stesheni mbili tu, unabadilisha pale Guangzhou Railway Station, na nauli inaanzia yuani 2, metro yao sina neno nayo. Ila kila stesheni lazima mzigo upite kwenye mashine ya ukaguzi, dada wa pale kaliangalia furushi langu, kapima kwa macho, katikisa kichwa. Mkubwa. Haya nikatoka nje na mvua imeanza.

Teksi ya kwanza ikapunguza mwendo, dereva akaniona sura, akakanyaga mafuta. Ya pili hivyo hivyo. Nikaita kwa app, dereva anapiga simu anafoka Kichina, mimi nasema "helo, helo", akakansel!! Baadaye ndo naambiwa huwa wanauliza tarakimu 4 za mwisho za namba yako ya simu, basi, ndo swali lenyewe. Sasa mimi ningejuaje jamani?

Ikaja nyingine, nikapanda, nusu ya safari namwonyesha noti ya yuani 50, jamaa anagonga kidole kwenye QR kodi ya kulipia kwa simu, hataki kabisa noti, wakati benki kuu yao wenyewe imepiga marufuku kukataa pesa taslimu. Nafungua app ya malipo, inataka nithibitishe kwa meseji, meseji inaenda laini ya Bongo, laini ya Bongo haisomi. Nikashushwa. Na mvua ile ile.

Nikawasha VPN (app ya kukwepa kufungiwa mtandao) nifungue Google Map maana ya kwao niliyokuwa nayo ilikuwa yote maandishi ya Kichina, kumbe ramani za China kwa Google zinapishana na uhalisia mita mia kadhaa, kidoti kinaonyesha nimesimama katikati ya majengo na mimi niko chini ya flyover nimekumbatia pochi kama mtoto. Mzee mmoja muuza matunda ndo kanishika mkono hadi njia panda, Mungu ambariki.

Sasa nyie mnaokaa huku mnatembeaje? Na asije mtu kuniambia nijifunze Kichina, naondoka Alhamisi.