Fundi anasema ni mtandao, mtu wa mtandao anasema ni mashine. Nimechoka na hii fotokopi!

Wakuu, naandika nikiwa nimevimba, mtanivumilia.

Ofisini tuna mashine kubwa ya fotokopi, ile inayochapisha, inaskani, inatuma barua pepe na kubana karatasi pini yenyewe. Kwa kutoa nakala sina neno nayo. Balaa ni pale inapotakiwa kuongea na kompyuta. Leo inachapisha vizuri, kesho kompyuta zote zinasema printa haipatikani, na hapohapo kuna mtu kasimama mbele yake anatoa nakala bila shida. Ukiskani kwenda kwenye folda inawaza weee, halafu inakutemea karatasi yenye namba ya kosa na maneno mawili: "Angalia mtandao."

Niangalie mtandao gani? Kebo? Anwani? Nenosiri? Folda? Saa? Mashine yenye kioo kikubwa kiasi kile imeshindwa kuniambia ni mlango upi umegongwa ukakataa kufunguka?

Ukiita mafundi ndio unapandwa na presha kabisa. Fundi wa fotokopi anafika, anatoa nakala moja, anaitazama: "Mashine iko sawa, tatizo ni mtandao wenu." Unamsainia fomu, anaondoka. Anakuja jamaa wa mtandao, anachomoa kebo ya mashine, anaichomeka kwenye laptopu yake, intaneti inafunguka: "Mtandao uko sawa, tatizo ni mashine." Naye huyo anaondoka. Wote wawili wamepima kitu ambacho hakuna aliyekilalamikia! Nimesema skani haifiki kwenye folda. Mbona hakuna hata mmoja aliyejaribu kuskani?

Basi nikaamua kuchimba mwenyewe, na nilichokikuta ndicho kilichonileta hapa kwa hasira, maana si uchawi. Ni vitu ambavyo fundi alipaswa kuvimaliza siku ya kufunga mashine.

Chukua hili la kuchapisha. Mashine imeachwa ichukue yenyewe anwani ya IP, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kutoka kwenye rauta. Umeme ukikatika, au muda wa ile anwani ukiisha, inaweza kupewa nyingine. Kompyuta hazina habari, zinaendelea kutuma kazi kwenye anwani ya zamani, kisha zinalalamika kwamba printa haipo. Ukichapisha ukurasa wa mipangilio kwenye mashine yenyewe utaiona anwani yake ya sasa, na ikianza na 169.254 ujue haikupewa anwani na rauta, imejitungia. Dawa ni kuipa anwani ya kudumu. Lakini kuna mafundi wanaiweka hiyo ya kudumu katikati ya zile ambazo rauta inazigawa, halafu siku moja simu ya mtu inapewa namba ileile, vifaa viwili vinagombana, na tunarudi kulekule. Ichague nje ya fungu la rauta, au ihifadhi ndani ya rauta kwa ajili ya mashine hiyo tu. Kazi ya dakika chache.

Kuna na kioja cha Windows. Ikiongeza printa yenyewe mara nyingi inatumia WSD, njia ya kuitafuta printa yenyewe mtandaoni, ambayo kwetu inapotea inavyojisikia. Ukiongeza kwa mkono kwa anwani ya IP, mlango 9100 (namba ya njia ambayo mashine inapokelea kazi za kuchapisha), inatulia. Na ikiwa mashine inaitika ukiipingi, yaani ukiitumia ujumbe mfupi wa kuijaribu, lakini Windows imeng'ang'ania kwamba haipo, ingia kwenye mipangilio ya mlango huo uondoe tiki ya SNMP, ile njia ambayo Windows inaiuliza printa hali yake. Tiki moja, na watu wamekaa siku nzima bila kuchapisha!

Sasa skani, hapa ndipo pana uozo. "Angalia mtandao" inaweza kumaanisha mwenye kompyuta amebadilisha nenosiri lake na mashine bado inalo la zamani. Inaweza kumaanisha Windows imeuona mtandao wa ofisi kama wa hadharani ikafunga mlango 445, ule unaopokea faili za folda zilizoshirikishwa. Au folda imeshirikishwa vizuri, ila ruhusa ya kuandika ndani yake hakuna. Mtandao wenyewe katika yote hayo hauna kosa.

Na kuna la SMB1. Mashine nyingi za zamani zinajua lugha hiyo tu ya kupeleka faili kwenye folda. Ni hiyohiyo ambayo virusi vya WannaCry viliipitia Mei 2017 kusambaa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, mwaka huohuo, ukisakinisha upya huikuti imewashwa upande wa kupokea. Kwa hiyo ukinunua kompyuta mpya, skani inakufa. Unajua fundi anakushauri nini? "Iwashe tu hiyo SMB1, bosi." Yaani nifungue mlango wa wezi kwa sababu yeye anaona uvivu kusasisha programu ya ndani ya mashine! Muulize kwanza kama kuna toleo linalojua SMB2 au SMB3, lugha mpya zaidi ya hiyo. Mara nyingi lipo, ila hadi uulize.

Barua pepe nayo ni msiba wake. Tangu 30 Mei 2022 akaunti za kawaida za Gmail hazikubali tena programu zinazoingia kwa jina na nenosiri la kawaida peke yake. Unawasha uthibitisho wa hatua mbili, unatengeneza nenosiri maalumu la herufi 16, hilo ndilo unaloliingiza kwenye mashine, na mlango unaweka 587. Kama mashine haijui TLS 1.2, ile njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani, usitegemee mengi. Tena tazama saa yake! Ikirudi nyuma miaka kadhaa, mashine inaweza kukikataa cheti cha seva (kitambulisho chake cha usalama) kwa kudhani muda wake haujaanza, halafu inakuambia imeshindwa kuunganishwa. Kosa la saa, lawama kwa mtandao.

Na kinachoniua zaidi: nusu ya haya siwezi kuyarekebisha hata nikiyajua, kwa sababu nenosiri la msimamizi wa mashine analo fundi peke yake. Ukimwomba anakwambia ni utaratibu. Mashine imekaa kwetu, inatumia umeme wetu, iko kwenye mtandao wetu, lakini kubadilisha tarakimu moja ya IP lazima nimsubiri mtu ambaye akija atatoa nakala moja na kusema iko sawa.

Ninachotaka kwenu ni kimoja. Mwenye mkataba wa matengenezo unaomlazimisha fundi kuacha nenosiri la msimamizi na ukurasa wa mipangilio uliochapishwa, na kupima skani mbele ya mteja kabla fomu haijasainiwa, abandike hapa kile kipengele kilivyoandikwa. Mkataba wetu unakaribia kuisha na safari hii sisaini kipofu.

Wale wa "jaribu kuizima na kuiwasha", piteni kimya.