Eti kontena tupu ni debe tu! Wewe mwenye pikapu uliyenitoa Kisumu, nirudishie pesa zangu

Wadau, habarini. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie nikirukaruka. Jina la mtu sitaji. La kampuni pia sitaji kwa sababu hana kampuni, ana nambari ya simu iliyopakwa rangi kwenye mlango wa gari. Akisoma hapa atajijua.

Nilinunua kontena la futi 20 kule Mamboleo, Kisumu, kutoka kwa mkandarasi aliyemaliza kazi akawa anafunga stoo. Nataka liwe duka langu la mbegu na dawa za mifugo huku Njoro. Kontena safi, sakafu ya mbao haijaoza, kutu ni kidogo tu pale kwenye paa. Wenye malori ya kreni wakanitajia elfu 45, mwingine 50. Huyu akasema 22. Nikamtumia elfu 15 kwa simu hata gari halijawashwa. Najua mtaniambia nilipenda vya rahisi. Semeni tu, mimi mwenyewe nimejisema usiku kucha.

Nilimuuliza mapema kama pikapu itaweza. Akacheka. "Mathe, hilo si ni debe tupu? Hii gari inavuta tani tatu na nusu."

Hapo ndipo penye uongo uliovaa nguo za ukweli. Ni kweli pikapu nyingi za siku hizi za milango minne, Hilux, D-Max na wenzao, huandikiwa na watengenezaji kwamba zinavuta hadi kilo 3,500. Lakini hizo 3,500 ni za trela lenye breki zake lenyewe. Trela lisilo na breki, mwisho wake kwa kawaida ni kilo 750. Mia saba na hamsini! Lake ni la kuchomelewa jua kali, ekseli mbili, hakuna waya wala bomba la breki linalofika kwenye magurudumu. Niliinama nikaangalia kwa macho yangu, ila niliinama Salgaa, na mahali pa kuinama palikuwa Mamboleo.

Na hilo debe tupu lina uzito gani? Someni mlango wa kontena lolote, uzito umeandikwa pale. Langu ni kilo 2,230 likiwa halina hata sindano ndani. Ongeza trela lenyewe, tuseme 900, tayari ni 3,130. Zaidi ya mara nne ya kile ambacho breki za pikapu peke yake zinafaa kubeba lawama yake. Kuvuta si kazi, jamani. Penye tambarare hata maksai watalisogeza. Kazi ni kulisimamisha.

Sasa ufungaji. Pembe nne za chini za kontena zina matundu ya chuma, na hayakuwekwa kwa urembo. Kwenye trela la kontena lenyewe kuna kufuli zinazoingia humo zikazungushwa, chuma kikashika chuma. Jamaa yangu alipitisha belti mbili juu ya paa, moja nyuzi zimeshaanza kufumuka, halafu akamalizia na kamba ya manila aliyoifunga kwenye mpini wa mlango. Kwenye mpini! Nikauliza minyororo ya kushikilia trela iko wapi, ile inayopitishwa kwa kupishana ili likichomoka lisiende kuua watu. "Toba haichomoki," akaniambia. Ndivyo wanavyokiita kile chuma cha nyuma kinachoshika trela. Toba kweli. Kufika Kericho nilikuwa nimeshatubu mpaka dhambi za darasa la nne.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonichemsha ni Ahero.

Pale Ahero akaegesha, akasema anasalimia mtu. Nikaona vijana wanafungua mlango wa kontena LANGU, nililolinunua kwa pesa zangu, wanapanga magunia ya mchele. Nilihesabu 14, ya kilo hamsini hamsini. Hizo ni kilo 700, na sasa jumla yetu ni 3,830, hata ile tani tatu na nusu ya kujisifia tumeshaipita. Nikafoka. "Ni kamzigo kadogo mathe, ka kununua dizeli." Yaani mimi nalipia safari, na kontena langu linafanya biashara ya mtu mwingine.

Na waliyapanga wapi? Mlangoni, nyuma kabisa, kwa uvivu wa kuingia ndani. Mwenye kuvuta trela anajua kwamba uzito unatakiwa uegemee mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu moja ya kumi ya mzigo ikandamize toba. Ukizidi nyuma, mkono wa trela unainua gari badala ya kulilalia. Niliposhuka kununua maji niliitazama pikapu: matako yamenyanyuka kama bata anayezamisha kichwa matopeni. Nikamwonyesha. Akasema springi zake ni mpya.

Kupanda hadi Kericho nitawapitisha haraka. Gia ya pili, harufu ya klachi, matatu nyuma yetu zinapiga honi kama harusi. Tulipofika Londiani Junction, pale ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori lenye kontena lilitoka barabarani likavamia matatu na watu, wakafa zaidi ya 50, hata yeye alipunguza sauti ya redio. Mwendo hakupunguza.

Tukavuka Mau Summit. Mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa, ule wa ajali nyingi, hauhitaji kuelezwa kwa Mkenya. Yeye akatoa gia. Nyutro! Eti dizeli imepanda bei. Nikiangalia kioo cha upande wangu, nikaona pembe ya kontena inatokeza, inapotea. Inatokeza, inapotea. Kila ikitokeza inatokeza zaidi, na usukani nao unamchezea mikononi. Akafanya lile lisilofaa kabisa, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Pikapu ikapungua, trela halikupungua, likatusukuma kiubavu. Katika hali ile unaondoa mguu kwenye mafuta, unashika usukani umenyooka, unaacha mwendo ufe polepole. Na bora zaidi, unakuwa umeshapunguza mwendo na kuingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza.

Mungu ni mwema, tulitupwa kushoto, si kwenye magari. Magurudumu ya trela yakaingia mtaroni, belti ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, kontena likateleza likaegemea ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Breki za mbele zilikuwa zinafuka moshi. Mzee mmoja wa malori alisimama, akazunguka trela mara moja, akamwambia, "Kijana, mteremko unashuka kwa gia ambayo ungeupandia," akaenda zake.

Lori la kreni kutoka hapo hadi Njoro lilinila elfu 28, juu ya zile 15. Piga hesabu mwenyewe uone kama sikuzikaribia zile 45 nilizozikimbia. Mlango mmoja wa kontena umepinda haufungi, ule ule aliofungia kamba.

Ninachotaka ni elfu 15 zangu na gharama ya kunyoosha mlango, basi. Nimempigia siku nne. Mwanzoni alisema nilimtia wasiwasi kwa kelele zangu, ndiyo maana akakosea. Halafu akawa hashiki simu. Mwenye kujua fundi mzuri wa milango ya kontena Nakuru aniandikie, na kama kuna mwingine aliyebebewa na pikapu yenye trela la buluu lisilo na taa za nyuma, ajitokeze tuwe wengi.

Asubuhi hii hatimaye amejibu. Nanukuu ujumbe wote: "Mathe salama? Gunia 2 za mchele zilipasuka kwa kontena yako. Utanitumia lini?"